Maswali ya Wasomaji: Akaunti ya Mafao ya Kukosa Kazi Marekani

Barua za toleo hili zinahusu mafao wanayolipwa watu waliopoteza kazi nchini Marekani, na hasa akaunti ya mtandaoni ambako mafao hayo huombwa, hufuatiliwa na wakati mwingine hukwama. Kwanza neno moja kwa wote. Mpango huu ulianza na Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935. Serikali kuu iliweka msingi, lakini kila jimbo lina ofisi yake, tovuti yake na kanuni zake. Rafiki aliyeko jimbo jingine anaweza kukushauri kwa moyo mweupe na bado akakupoteza. Kwa hiyo tunapotaja jimbo kwa jina hapa chini, kanuni hiyo ichukuliwe kuwa ya jimbo hilo.

Habari za kazi, ndugu wahariri. Naishi New Jersey, lakini ghala nililokuwa nafanyia kazi liko New York. Wiki hii wametupunguza. Nifungue akaunti wapi, na niwe na nini mkononi?

Pole, ndugu yetu. Fungua New York. Kinachoangaliwa ni mahali ulipofanyia kazi, si mahali unapolala. Kama ndani ya miezi 18 iliyopita ulifanya kazi katika majimbo mawili au zaidi, ulizia ofisi ya jimbo unaloishi ikueleze jinsi ya kuunganisha mishahara yote kwenye dai moja, yaani ombi moja la mafao. Mara nyingi kiwango cha mafao hupanda ukifanya hivyo.

Usitafute tovuti kwa kubofya jibu la kwanza kwenye mtambo wa utafutaji, kwa sababu nafasi ya juu huweza kuwa tangazo la kulipiwa. Pitia CareerOneStop.org, tovuti inayodhaminiwa na Wizara ya Kazi ya Marekani. Ukichagua jimbo lako itakupeleka mlango sahihi. Simu yao ni 1-877-872-5627. Tovuti nyingi za majimbo huishia na .gov, ila si zote: ya Minnesota ni uimn.org.

Weka mezani namba ya Soshal Sekyuriti, leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, na namba mbili za benki: ya ruting yenye tarakimu 9, inayotambulisha benki, na ya akaunti yako. Andaa pia orodha ya waajiri wote wa miezi 18, tarehe ya kuanza na kuacha kila kazi, na sababu ya kuacha. Asiye raia awe na kibali cha kazi au grini kadi, na ile namba inayoanza na herufi A. Aliyetoka jeshini ataulizwa DD-214, hati ya kuondoka jeshini, na aliyekuwa mtumishi wa serikali kuu ataulizwa SF-8, fomu anayopewa mtumishi huyo anapoacha kazi.

Mambo mawili huwakwamisha watu wetu kuliko mengine yote. La kwanza ni jina. Andika kama lilivyo kwenye kadi ya Soshal Sekyuriti, kwa mpangilio uleule, hata kama kadi iliweka jina la ukoo mbele au iliunganisha majina mawili. Tarehe ya kuzaliwa nayo iandikwe ile ya kwenye hati. Wengi waliokuja kama wakimbizi waliandikiwa tarehe 1 Januari, na hiyo ndiyo kompyuta inayoijua. Ukiandika ile ya kweli anayoikumbuka mama yako, taarifa hazitalingana na dai litasimama.

La pili ni jina la mwajiri. Kama uliingizwa ghalani na wakala wa ajira, mwajiri wako ni wakala, si kampuni yenye jina ukutani. Tazama karatasi yako ya mshahara au fomu W-2, ile taarifa ya mshahara wa mwaka anayotoa mwajiri: jina lililo pale ndilo la kuandika. Tena katika majimbo mengi, kazi uliyopewa na wakala ikiisha unatakiwa kumpigia simu na kumwomba kazi nyingine. Usipofanya hivyo, unaweza kuhesabiwa kuwa umeacha kazi mwenyewe.

Omba wiki hiihii. Wiki zinazopita kabla ya kuomba kwa kawaida hazilipwi.

Nimepiga picha ya leseni na ya uso wangu mara nyingi, kila mara mtambo unanikataa. Je, wameninyima mafao?

Hapana. Hatua hiyo inauliza tu kama wewe ndiwe wewe, na haihusiani na haki yako ya kulipwa. Baadhi ya majimbo, California ikiwemo, hutumia ID.me, kampuni binafsi ya kuthibitisha utambulisho. Mengine hutumia Login.gov ya serikali kuu.

Picha nyingi hukataliwa kwa sababu ya mwanga. Weka leseni juu ya kitu cheusi kisichong'aa, zima flashi, na hakikisha msimbo wa mistari ulio nyuma ya kadi unasomeka wote bila kivuli cha kidole. Kwa picha ya uso, kaa ukitazama dirisha. Dirisha likiwa nyuma yako uso hugeuka giza, na kwa ngozi nyeusi kamera ya simu ndogo hupoteza kabisa mstari wa taya na macho. Vua miwani na kofia. Futa lenzi ya simu kwanza, maana mafuta ya vidole peke yake yanatosha kuharibu picha.

Ikikataa tena, acha kurudia na chukua njia ya binadamu. ID.me ina mazungumzo ya video na mhudumu. Weka hati halisi karibu nawe, si nakala. Kwa Login.gov unaweza kupewa msimbo wa kupeleka kwenye ofisi ya posta inayoshiriki, pamoja na kitambulisho chako. Msimbo huo una tarehe ya mwisho, kwa hiyo nenda mapema.

Mume na mke wasitumie barua pepe moja. Kila mmoja awe na yake, na ikiwezekana simu yake. Namba za bure zinazopatikana kwa programu za intaneti mara nyingi hukataliwa, kwa sababu hazijafungwa kwenye jina la mtu.

Simu yangu iliibiwa, namba ikapotea nayo. Misimbo ya kuingilia inaenda kwenye namba ile ya zamani. Nifungue akaunti mpya?

Tafadhali usifungue akaunti ya pili kwenye tovuti ya jimbo. Akaunti mbili zenye namba moja ya Soshal Sekyuriti ni alama ya ulaghai machoni pa mtambo, na zote mbili zinaweza kufungwa.

Anza na kampuni ya simu. Ukiweza kuonyesha namba ni yako, watakupa laini mpya yenye namba ileile na tatizo limeisha. Ikishindikana, tafuta misimbo ya akiba uliyopewa siku ulipojisajili. Kwa Login.gov, usipokuwa na njia yoyote ya kupokea msimbo, hakuna mhudumu atakayekufungulia. Itabidi uombe akaunti ifutwe, usubiri saa 24, ufungue nyingine kwa barua pepe ileile, kisha uthibitishe utambulisho upya. Kinachofutwa ni ufunguo wa kuingilia tu. Dai lako linabaki salama kwenye ofisi ya jimbo.

Wakati unasubiri, usiache wiki ipite. California ina huduma ya simu iitwayo EDD Tele-Cert, na Texas ina Tele-Serv. Zote zinakuruhusu kuthibitisha wiki, yaani kujibu maswali ya kila wiki au kila wiki mbili ili ulipwe, bila kuingia mtandaoni, mradi una namba ya siri.

Ukisharudi ndani, weka njia mbili za kupokea msimbo: simu, na programu ya misimbo au misimbo ya akiba iliyoandikwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa nyumbani.

Jambo jingine dogo linalosumbua: katika baadhi ya majimbo ufunguo huu ni wa huduma nyingi za serikali ya jimbo. Pennsylvania wanauita Keystone ID, Ohio OH|ID, Washington SecureAccess Washington. Huenda ulishaufungua miaka iliyopita kwa shughuli nyingine ukausahau. Tovuti ikikuambia barua pepe yako imeshatumika, hujaibiwa. Omba kubadilisha nenosiri.

Shikamooni. Mwanangu ndiye hunijazia ile fomu ya kila baada ya wiki mbili. Nimepata kazi ya siku chache, na hatujui tuandike fedha ipi: iliyoingia benki au iliyo kwenye karatasi? Na ya wiki gani?

Marahaba, mama. Andikeni mshahara kabla ya makato, kwenye wiki uliyofanya kazi, hata kama hujalipwa bado. Hapa ndipo madeni mengi yanapozaliwa. Mtu amefanya kazi Alhamisi na Ijumaa, hundi ikaja wiki inayofuata, akaiandika siku ya hundi, tena kiasi kilichoingia benki. Miezi baadaye ofisi inalinganisha na taarifa za mwajiri, namba hazilingani, na barua ya deni inakuja.

Kwanza jueni wiki ya jimbo lenu. Mahali pengi ni Jumapili hadi Jumamosi. New York ni Jumatatu hadi Jumapili. California na Texas hukuuliza kila baada ya wiki mbili, lakini kila wiki hujibiwa peke yake. New York na Washington ni kila wiki.

Tuseme mafao yako ni dola 400 kwa wiki, na umefanya kazi saa 12 kwa dola 20. Umepata dola 240. California haihesabu robo ya mapato hayo (au dola 25, ikiwa ndiyo kubwa zaidi). Robo ni dola 60, zinabaki 180, na mafao ya wiki hiyo yanakuwa dola 220. Texas hupiga hesabu tofauti: inakuruhusu kupata hadi robo ya mafao yako, yaani dola 100, bila kupunguzwa. Kinachozidi ndicho kinachokatwa: 240 toa 100 ni 140, kwa hiyo utalipwa dola 260. Kazi ileile, saa zilezile, majibu mawili. Kwa hiyo usijipunguzie mwenyewe kabla ya kuandika. Andika 240 nzima, mtambo utakata.

Kuendesha teksi ya programu ya simu, kupeleka vyakula, kusuka nywele kwa malipo, vyote ni kazi na vinaandikwa.

Fomu itauliza pia kama ulikuwa na uwezo wa kufanya kazi na kama ulikuwa tayari kuipokea. Uliugua siku tatu? Sema. Ulikataa kazi? Sema, kisha eleza sababu. Umbali, mshahara mdogo kupita kiasi au saa zisizowezekana ni sababu zinazosikilizwa. Mwanao anaweza kukusaidia kusoma na kubofya, lakini majibu ni yako na sahihi ni yako. Kwa hiyo akusomee kila swali kwa Kiswahili kabla hajabofya.

Majimbo mengi hutaka pia uthibitisho wa kutafuta kazi. Washington hutaka angalau shughuli tatu kila wiki. Wekeni daftari: tarehe, jina la mwajiri, kazi iliyoombwa, njia iliyotumika, jibu. Ofisi ikiamua kukagua, haitakubali "nilizunguka sana".

Na kosa linaloumiza kwa sababu ni dogo mno: mtu hufika kwenye ukurasa unaoonyesha majibu yake yote, akadhani amemaliza, akafunga. Ukurasa ule ni wa kukagua tu. Shukeni hadi chini, bofyeni kitufe cha kutuma, msubiri namba ya uthibitisho, kisha piga picha ya skrini. Msitumie mshale wa kurudi wa kivinjari. Tumieni vitufe vya fomu yenyewe. Mkikaa kimya kwa dakika nyingi, mtambo huwatoa na kazi inaweza kupotea.

Nimethibitisha wiki nne, kila wiki imeandikwa "Pending", yaani bado inasubiri. Barua imeonyesha nitalipwa kiasi fulani, lakini benki hamna kitu. Niache kujaza?

Usiache. Wiki usiyoithibitisha ndiyo inayopotea, wakati wiki iliyothibitishwa na kuzuiwa hulipwa yote kwa pamoja ukishinda. Ukinyamaza, majimbo mengi hulifunga dai na itabidi ulifungue upya.

Barua ya kiasi inajibu swali moja tu: mishahara yako ya nyuma inatosha, na inazaa mafao kiasi gani? Haijaamua kama sababu yako ya kuacha kazi inakubalika. Uamuzi huo huja peke yake, baada ya mwajiri kuulizwa.

Kwa hiyo ingia kwenye akaunti, pita ukurasa wa malipo, nenda kwenye kisanduku cha ujumbe. Mara nyingi utakuta dodoso limekaa pale linakungoja, na lina siku chache tu za kujibiwa. Jibu kwa tarehe na matukio: nani alikuambia nini, siku gani, kulikuwa na onyo la maandishi au hakukuwa nalo. Ambatisha ujumbe wa simu au barua ya kuachishwa. Kama ulichagua kupata taarifa kwa njia ya mtandao, huenda usitumiwe kitu kwa posta. Kutazama sanduku la barua mlangoni hakutakusaidia.

Sababu nyingine za kukwama: wiki ya kwanza, ambayo majimbo mengi hayailipi, utambulisho ambao haujakamilika, au kibali cha kazi kilichoisha muda. Kwa wasio raia, jimbo huuliza mtandao wa uhamiaji uitwao SAVE. Ukipata kibali kipya, pakia pande zote mbili bila kungoja uulizwe. Wanaoogopa kwamba mafao haya yatawaharibia maombi ya grini kadi kwa kuonekana mzigo kwa serikali watulie: idara ya uhamiaji haiyahesabu hivyo, maana ni mafao yaliyotokana na kazi.

Kama barua ya kiasi inaonyesha sifuri au kidogo mno, kagua orodha ya waajiri iliyoambatana nayo. Kwa kawaida huhesabiwa robo nne za kwanza kati ya robo tano za mwisho za mwaka zilizokamilika; robo ni miezi mitatu. Aliyeomba Mei 2026 anahesabiwa mishahara ya Januari hadi Desemba 2025. Ya Januari hadi Machi 2026 haimo. Mwajiri akikosekana kwenye orodha, tuma karatasi za mshahara na W-2 uombe hesabu irudiwe. Kama kazi yako ni ya karibuni, uliza kama jimbo lina kipindi mbadala kinachohesabu robo nne za mwisho. Mengi yanacho.

Nimepata uamuzi kwamba sistahili, na kwamba nirudishe fedha nilizolipwa. Kiingereza cha barua ni kigumu. Nifanye nini?

Kwanza tafuta tarehe mbili: siku barua ilipotumwa na siku ya mwisho ya rufaa. Texas ni siku 14, California na New York ni siku 30. Siku zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi, si tangu uliposoma. Rufaa ya kwanza haihitaji lugha ya mawakili. Inatosha kuandika: "Sikubaliani na uamuzi wa tarehe fulani, naomba kusikilizwa", pamoja na jina, namba ya dai na sababu kwa sentensi mbili tatu. Ipakie kwenye akaunti na uhifadhi uthibitisho. Ushahidi mwingine unaweza kufuata. Rufaa iliyochelewa ndiyo inayoua kesi nzuri.

Omba mkalimani wa Kiswahili palepale unapowasilisha rufaa, na ukumbushe tena kabla ya siku ya kusikilizwa, ambayo mara nyingi hufanyika kwa simu. Ni haki yako bila malipo. Ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa na Kifungu cha Sita cha Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Usimtumie mtoto kutafsiri kesi. Hata kwa simu za kawaida, sema tu "Swahili" na ungoje kwenye laini.

Endelea kuthibitisha wiki wakati rufaa inaendelea.

Kuhusu deni, soma kama barua inadai ulidanganya. Kosa la bahati mbaya linaweza kusamehewa katika majimbo mengi ukiomba, hasa kama hukusababisha wewe na kulipa kutakutia dhiki. Likiitwa ulaghai, sheria ya nchi nzima inataka faini ya angalau asilimia 15 juu ya deni, na jimbo linaweza kuchukua marejesho yako ya kodi. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa hiyo kata rufaa dhidi ya neno lenyewe "ulaghai" hata kama unakubali kwamba fedha zilizidi.

Naweza kusafiri kumwona mzazi mgonjwa Afrika Mashariki na kuthibitisha wiki nikiwa huko?

Hapana. Ukiwa nje ya nchi hauko tayari kupokea kazi, na hilo ndilo fomu inaloliuliza. Mitambo mingi hutambua pia intaneti ya nje na kufunga akaunti. Ndugu aliyebaki Marekani asikuthibitishie. Huo ni uongo ulio na sahihi yako. Eleza safari kwenye fomu, poteza wiki hizo, ukirudi lifungue dai upya. Salio la mafao halifutwi kwa safari, mradi mwaka wa dai, wiki 52, haujaisha.

Nimeletewa fomu 1099-G, ile ya kodi inayoonyesha mafao yaliyolipwa, na sijawahi kuomba mafao. Mume wangu naye alilipwa kweli, ila fomu yake hatuioni.

Ya mume wako imo ndani ya akaunti yake, kwenye sehemu ya kodi. Majimbo huitoa kufikia tarehe 31 Januari. Kisanduku 1 ni jumla aliyolipwa, kisanduku 4 ni kodi ya serikali kuu iliyokatwa. Kama hakuchagua kukatwa asilimia 10 kwenye akaunti au kwa fomu W-4V, kisanduku 4 kitakuwa tupu na kodi yote italipwa sasa.

Yako wewe ina maana mtu ameomba kwa jina lako. Toa taarifa kwenye ukurasa wa ulaghai wa jimbo lililotoa fomu na uombe fomu iliyosahihishwa. Usiyaandike mapato hayo kwenye kodi yako. Andika yale uliyopata kweli. Kisha omba IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, ikupe namba ya siri ya utambulisho yenye tarakimu 6, ili mtu huyo asiweze kuwasilisha kodi kwa jina lako.

Na kwa yeyote anayepokea ujumbe wa simu usemao "akaunti yako ya mafao imefungwa, bofya hapa": usibofye. Fungua tovuti ya jimbo kwa kuiandika mwenyewe, uingie, utazame namba ya ruting na namba ya akaunti ya benki. Zikiwa zimebadilishwa, badilisha nenosiri, rudisha namba zako, na piga simu ofisini siku hiyohiyo, kabla malipo yanayofuata hayajatoka.